Nakaa Karibu na Tanga

Wiki yangu ya kwanza Berlin, mama alinipigia simu kuuliza nimepata chumba wapi. Nikamwambia ukweli mtupu: "Nakaa karibu na Tanga." Akanyamaza. Nikamsikia akiwaambia wenzake barazani kwamba mtoto huyu baridi imeshampanda kichwani. Nikazidi kumweleza kwamba nikitoka nje ya jengo letu nikatembea kidogo nafika Mtaa wa Tanga, na nikitaka Usambara nayo ipo, na Zanzibar yenyewe huku haihitaji boti. "Mwanangu," akasema kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa, "umekula?"

Nilikuwa nimekula, na sikuwa natania. Kaskazini-magharibi mwa Berlin kuna eneo liitwalo Wedding. Anayejua Kiingereza huliona jina akafikiri anaalikwa harusini, lakini wenyewe hulitamka "Vedingi". Ndani yake mna mitaa zaidi ya 20 ambayo kwa jumla huitwa Afrikanisches Viertel, mitaa ya Kiafrika. Vibao vyake vinasomeka kama ramani iliyochanika kisha ikaunganishwa gizani: Togostraße, Kameruner Straße, Kongostraße, Ugandastraße, Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße. Hata kituo cha treni ya chini ya ardhi kinaitwa Afrikanische Straße. Nilishukia hapo Oktoba 2023, nina begi moja, koti la kuazima na masomo ya miaka miwili mbele yangu.

Jina la kwetu, basi, lilifika kabla yangu. Langu mimi ndilo lililochelewa.

Ngamiani, kule Tanga nilikokulia, barabara hazina majina, zina namba. Mtu anakaa barabara ya 12 au ya 16, na ukishaingia barabara yenyewe huulizi nyumba namba ngapi. Unauliza kwa fulani ni wapi, na mtoto yeyote anayecheza hapo atakushika mkono mpaka mlangoni. Berlin ni kinyume. Barabara ina jina, jengo lina namba, lakini fleti iliyo ndani ya jengo mara nyingi haina namba yoyote. Kinachojulisha kwamba unaishi humo ni jina lako la ukoo, libandikwe kwenye kengele pale mlango wa chini na kwenye sanduku la barua. Usipolibandika, haupo. Tarishi atafika, atasoma majina yote kwa utulivu, hatakuona, ataondoka na barua yako.

Hayo niliyajua baada ya kadi yangu ya benki kutumwa mara mbili na mara mbili kurudi ilikotoka. Mwenzangu wa nyumba, msichana wa kutoka Izmir ambaye naye aliwahi kupotelewa na barua zake, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakata kipande cha karatasi ya gundi, akaandika jina langu kwa kalamu ya wino mzito, tukashuka wote, akalibandika chini ya majina mawili yaliyokuwapo. Herufi zilipinda kidogo. Siku chache baadaye nikapata barua yangu ya kwanza Ujerumani. Ilikuwa inadai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Sikukasirika hata kidogo. Niliishika kama cheti.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kujiandikisha. Sheria inataka anayehamia nyumba ajiandikishe ndani ya wiki mbili, akiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli amehamia. Kwetu ukihamia mtaa unapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, anakutazama usoni, anauliza umetoka kwa nani, mambo yanakwisha. Hapa balozi ni mashine ya namba ukutani, viti vya plastiki, na mama mmoja nyuma ya kompyuta aliyeandika herufi za jina langu moja moja, akanigeuzia kioo nihakikishe. Akauliza nilikozaliwa. Nikasema Tanga. Akainua macho kwa mara ya kwanza: "Kama huu mtaa wa hapa?" Nikamwambia ndiyo, kama huo, ila wetu una bahari.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuutazama huo usio na bahari. Sijui nilitarajia nini. Pengine baiskeli, maana mji wetu ni mji wa baiskeli, au angalau mnazi mmoja wa kuchorwa ukutani. Nilikuta majengo ya kupangisha, miti inayopukutisha majani, magari yameegeshwa kando na mtu mmoja na mbwa wake. Nilisimama chini ya kibao kama mtu aliyealikwa shughuli akakuta hakuna shughuli. Mwenye mbwa aliponipita akanitupia neno moja: "Na?"

Nikangoja. Kwa Mswahili, "na" ni mlango tu, lazima kitu kiingie nyuma yake. Na nini? Na nani? Hakuongeza kitu, akaenda zake. Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba ile ilikuwa salamu kamili. Watu wa Berlin huuliza "Na?" na jibu lake ni "Na." Mimi niliyelelewa kwenye shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, habari za nyumbani, za watoto, za tangu jana, nilijiona kama mtu aliyezoea kula mlo wa sahani saba akaletewa tonge moja. Lakini tonge lile, nilikuja kuligundua, lina chumvi yake.

Historia ya vibao hivi haina utamu. Togostraße na Kameruner Straße zilipewa majina mwaka 1899, Ujerumani ilipokuwa ikijivunia makoloni yake mapya. Miaka michache baadaye mfanyabiashara wa wanyama, Carl Hagenbeck wa Hamburg, alipanga kufungua katika vilima vya Rehberge, ng'ambo tu ya mitaa hii, bustani kubwa ya kuonyesha wanyama, na watu pia, kutoka makoloni. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mpango ukafa. Bustani haikujengwa, majina yakabaki, na mengine yakaendelea kuongezwa hata baada ya Ujerumani kunyang'anywa makoloni yote, kama mtu aliyeuza shamba lakini bado analitaja kila jioni. Kwa hiyo hakuna mtu wa Tanga aliyeombwa ruhusa Tangastraße ilipopewa jina. Jina lilichukuliwa kama pembe ya ndovu, likaja kutundikwa ukutani.

Ningeweza kuishia hapo, kwenye uchungu, na ungekuwa uchungu wa haki. Lakini mtu hakai ndani ya kibao. Anakaa mtaani, na mtaa huu una Müllerstraße.

Müllerstraße ndiyo uti wa mgongo wa Wedding: pana, ndefu, yenye kelele, na haina hata kona moja ya kupigia picha ya kutuma nyumbani. Watalii huishia huko katikati ya jiji, kwenye lango la Brandenburg. Anza Leopoldplatz, kwenye kanisa dogo lililochorwa na msanifu Schinkel, uelekee Seestraße. Utapita kwa mwoka mikate wa Kituruki ambaye alfajiri ananukiza barabara nzima kwa ufuta, kinyozi wa Kisyria, saluni ya kusuka ambamo dada wa Afrika Magharibi wanabishana juu ya bei kwa lugha tatu, mgahawa wa Kivietinamu wa meza nne, na baa ya Wajerumani wazee ambayo mapazia yake hayajafunguliwa tangu sijui lini. Hakuna anayekugeukia. Ngozi yangu, kilemba changu, lafudhi yangu, vyote huku ni vitu vya kawaida kama mvua. Mgeni wa kweli Müllerstraße ni yule aliyevaa suti.

Katika duka moja la vyakula vya Kiafrika nilikuwa nimeinama kwenye friza, nikijisemea kwa Kiswahili kwamba kisamvu wamekificha wapi, mara sauti ikatoka kaunta: "Pondu iko. Iko mingi. Angalia chini." Mwenye duka ni mtu wa Bukavu. Kiswahili chake kimepita milima mingine na changu kimepita pwani, tukakutana mbele ya friza la Ujerumani, kila mmoja akiona cha mwenzake kina vichekesho. Mimi nasema "kipo", yeye "iko". Mimi "asante", yeye "aksanti". Kisamvu chake kimeshatwangwa, kimegandishwa kama tofali. Ugali tunaupika kwa unga wa mahindi wa njano wa dukani kwa Waturuki, unatoka na rangi ya kiini cha yai lakini tumbo halibagui rangi. Na katika friza la duka kubwa la jirani, lililojaa samaki wa bahari za baridi, nilimkuta sangara wa Ziwa Victoria, minofu myeupe ndani ya mfuko. Wanamwita Viktoriabarsch. Naye, kama mimi, alikuwa na karatasi zake zote.

Tanga tuna msemo juu ya wageni wetu: waja leo, waondoka leo. Tunausema kwa tabasamu, maana tunawajua. Mtu anakuja kwa shughuli ya siku moja, begi hata hafungui, miaka 30 baadaye unamkuta ana wajukuu Chumbageni na bado anasema anaondoka. Wajerumani nao walikuwa na neno lao. Mwaka 1961 walitia saini mkataba na Uturuki wa kuleta vibarua wa viwandani, wakawaita Gastarbeiter, wafanyakazi wageni, kwa hesabu kwamba mgeni hufanya kazi kisha hurudi kwao. Wedding ilikuwa mtaa wa wafanyakazi tangu zamani, mwekundu kwa siasa zake na mwenye kodi nafuu, na wengi walifikia hapa. Walikuja leo ili waondoke leo. Soma kengele za jengo letu: nusu ya majina ni ya wajukuu wao.

Kama umepata kuishi Ujerumani, hakuna haja ya kukueleza Jumapili. Maduka yanafungwa, mashine za kufulia zinapumzika, jengo zima linatembea kwa ncha za vidole. Mimi sikuwa nimepata kuishi. Jumapili moja ya Novemba, saa nane mchana, nilitoa kikinu changu cha mti nilichokifunga ndani ya khanga tangu Tanga, nikaanza kutwanga karanga za kutia kwenye kisamvu. Mchi ulikuwa umeshika mdundo, nami nimeshika wimbo, kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini yetu, nywele nyeupe, slipa za sufu. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na mshangao. Alitaka kujua kama kuna kitu kimevunjika na tunakitengeneza. Kwa Kijerumani changu cha kuchechemea nikamwonyesha kinu. Akakishika, akakigeuzageuza, akanusa ndani, akasema bibi yake alikuwa nacho cha shaba, cha kusagia mbegu za mpopi. Kisha, akinirudishia, akaongeza kwa upole unaouma kuliko kelele: "Lakini leo ni Jumapili."

Jumatatu nilimshushia bakuli la kisamvu cha nazi kuomba radhi. Siku mbili baadaye akapandisha bakuli langu, limeoshwa, na ndani yake mna kipande kikubwa cha keki ya plamu. Hakuna aliyemfundisha kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ningekuwa kwetu ningemwita bibi yakaisha. Hapa ni lazima aitwe kwa jina la ukoo likitanguliwa na "Frau", nami nilikuwa nimelisoma kwenye kengele mara mia kabla sijajua ni la nani. Moyoni naendelea kumwita bibi. Hajui, na hakumpunguzii kitu.

Aliponikaribisha kwake ndipo nilipoyaona. Dirishani, juu ya hita, vyungu tisa vya maua madogo ya zambarau, majani yake mazito yana manyoya kama sikio la mtoto wa paka. Nikauliza yanaitwaje. Akasema: "Usambaraveilchen." Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu, akidhani sikuelewa Kijerumani. Nilielewa sana. Nilikuwa nimesikia neno moja la nyumbani katikati ya neno la ugenini, kama kumkuta ndugu kwenye umati.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyetawala wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua la porini alilolikuta Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalielezea kitaalamu na kulipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Toka hapo likaenea madirishani Ulaya na Marekani, likazalishwa kwa rangi za kila namna, hali kwenye misitu lilikotoka makao yake yanazidi kupungua. Bibi alikuwa analea maua haya tangu ujana wake, hakujua kwamba Usambara ni milima. Alidhani ni jina tu, lina sauti nzuri. Na mimi niliyezaliwa mahali ambapo ukipita Muheza milima hiyo inakusimamia mbele, nilikuwa sijapata kuliona ua lenyewe hata siku moja. Yeye alikuwa na ua bila mahali, mimi nilikuwa na mahali bila ua. Tulikaa mezani tukabadilishana, nikamfungulia ramani kwenye simu, akanifundisha kwamba halitaki maji ya juu. Maji ya uvuguvugu, kwenye kisahani, chini.

Desemba ilikuja na giza lake. Jua linatoka saa mbili na robo asubuhi kama mtu aliyelazimishwa, na kabla ya saa kumi jioni limekwisha kuondoka. Wenzangu wa nyumba walinifundisha ibada ambayo mpaka leo naiona ya wendawazimu: hita inawaka, fedha inateketea, halafu unafungua madirisha yote wazi kwa dakika tano, theluji inachungulia ndani, eti nyumba ivute pumzi isiote ukungu. Siku kama hizo dawa yangu ilikuwa treni ya U6. Kutoka Afrikanische Straße ni vituo saba, bila kubadilisha, mpaka Naturkundemuseum, jumba la makumbusho ya viumbe. Na pale ukumbini anakusubiri mzee wa Lindi.

Ni mjusi wa kale, mwenye urefu wa mita 13 na ushee kutoka ukuchani hadi utosini. Mifupa yake ilifukuliwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 na mamia ya watu wa kusini mwetu, ikafungwa mizigo, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu wa kuchimba na kuihifadhi aliitwa Boheti bin Amrani. Watoto wa shule wanamzunguka mjusi huyo wakipiga kelele, nami hukaa kwenye benchi nikamtazama shingo. Sote wawili tumetoka pwani moja. Mimi nina tarehe ya kurudi.

Si sisi wa kwanza. Chuo cha lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kilifundishwa humo na Waswahili wenyewe. Mmoja wao, Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka upande wa Bagamoyo, alifika mwaka 1900, ndiye aliyetuachia maandishi ya desturi za Waswahili. Alioa Mjerumani, akafia mji huuhuu mwaka 1927. Na Brunnenstraße, namba 193, kuna jiwe dogo la shaba limepachikwa barabarani, miguuni mwa wapita njia. Limeandikwa jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, askari wa zamani, mhudumu wa mgahawa, mwigizaji wa filamu, mwalimu wa Kiswahili, aliyefia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Niliinama kulisoma. Ili kulisoma lazima uiname, na nadhani ndiyo maana wameliweka chini. Katika mji ambao mtu asiye na jina mlangoni hayupo, jiwe hili ni kengele iliyobandikwa jina ikiwa imechelewa miaka mingi.

Sifa za Wedding zitakuwa nusu nikiacha majira ya joto. Mwezi Mei, bila taarifa, watu wale wa "Na?" wanavua makoti na kuwa watu wengine. Mwezi Juni mwanga haukwishi mpaka saa tatu na nusu usiku. Tunakwenda Plötzensee kuogelea, maji yake baridi hata Julai, nami mtoto wa bahari hupiga kelele kuliko wote. Tunakwenda Rehberge, pale Hagenbeck alipotaka kutuonyesha kwa tiketi. Leo waliozungushiwa uzio humo ni nguruwe mwitu wa hukuhuku, na Waafrika tumelala majanini tunakula tikiti maji. Kando ya hapo kuna bustani ndogondogo za kukodi ambazo kwa miaka mingi ziliitwa "koloni la kudumu la Togo". Kwa Kijerumani, bustani za namna hiyo nazo huitwa koloni. Wastaafu wanapalilia nyanya na kukupungia mkono juu ya ua. Jioni, anayemaliza soda yake haitupi chupa ndani ya pipa, anaisimamisha chini kando yake. Chupa tupu ya plastiki ina senti 25 dukani, na mzee anayeziokota asilazimike kutia mkono kwenye taka. Hakuna tangazo linaloagiza hivyo. Nimejifunza kwa kuangalia, na sasa nafanya bila kuwaza.

Halafu ikaja tarehe 23 Agosti 2024.

Mmoja wa mitaa yetu uliitwa Petersallee tangu 1939. Huyo Peters ndiye Carl Peters tuliyemsoma shuleni, aliyetembea Usagara na kwingineko mwaka 1884 akisainisha machifu mikataba wasiyoielewa, na ambaye wazee walimpachika jina la Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakuu wa hapa walipoona aibu, hawakubadili jina. Waliamua tu kwamba tangu siku hiyo lihesabiwe kuwa la Peters mwingine, Hans, mwanasheria mwema wa Berlin. Ilikuwa kama kubadili maiti ndani ya sanda ileile. Watu weusi wa mji huu na wenzao walidai kwa miaka mingi kwamba jina liondoke. Wapo wakazi waliopinga, wengine hadi mahakamani. Desemba 2022 mitaa miwili ya jirani ilitangulia: uwanja uliokuwa wa Nachtigal ukawa wa Manga Bell wa Kamerun, na mtaa wa Lüderitz ukawa wa Cornelius Fredericks wa Namibia. Siku hiyo ya Agosti zamu ilikuwa ya Peters. Kipande kimoja cha barabara kikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia. Kingine kikaitwa Maji-Maji-Allee.

Nilisimama kwenye umati. Kibao kilipofunuliwa nikasoma neno ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Maji. Vita ya 1905 hadi 1907, ambayo wanahistoria wanakadiria iliua watu hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Nilikumbuka Novemba yangu ya kwanza, siku chache kabla ya kisa cha kinu, tulipotazama kwenye simu Rais Steinmeier wa Ujerumani akiwa Songea akiomba msamaha. Kando yangu mtoto mdogo wa Kijerumani akamuuliza mama yake neno hili maana yake nini. Mama hakujua. Nikamwambia mimi: "Wasser." Maji. Mtoto akalijaribu mara mbili kinywani, maji, maji, akacheka kwa jinsi lilivyo jepesi.

Kwa Tanga na Usambara na Zanzibar hatukuulizwa. Hili liliwekwa na watu waliolipigania hapahapa, mtaani, kwa miguu yao. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwa kutazama vibao. Vyote ni bati lilelile, herufi zilezile. Inabidi uwe unakaa hapa.

Bibi alikuwa amenipa jani moja la ua lake wakati wa masika, jani tupu lisilo na mzizi. Nililichomeka kwenye udongo wa unyevu kama alivyoelekeza nikalisahau nusu. Kufikia Septemba lilikuwa limetoa vitoto vitatu. Nikampigia mama kwa video nikamwonyesha. Akasogeza uso kwenye simu. "Yaani ua la Usambara," akasema, "mpaka uende Ulaya ndiyo unionyeshe?" Kisha, baada ya kimya: "Basi lilee vizuri. Ni la kwetu."

Oktoba, mwenzangu wa Izmir alimaliza masomo akahama, na chumba chake kikapata mpangaji mpya, mwanafunzi kutoka Kathmandu. Alipofika alinipigia simu akiwa chini, nasikia magurudumu ya begi lake yakizunguka palepale. Ameliona jengo, alisema, lakini haoni namba ya fleti. Nikachukua karatasi ya gundi na kalamu ya wino mzito, nikashuka. Nikamwomba anitajie jina lake herufi moja moja, nikaliandika, nikalibandika chini ya langu. Herufi zikapinda kidogo.

Mlango ukafunguka nyuma yetu, bibi anatoka na mfuko wake wa sokoni. Akatutazama, akaitazama kengele.

"Na?" akasema.

"Na," nikamjibu.

Akaenda zake. Mgeni wangu akabaki amenikodolea macho, anangoja sentensi iishe.